Sura ya Saba: Deni la Ifriti

Jalada la mwongozo wa msimamizi wa Dungeons & Dragons, kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1979, lina jitu jekundu lililoshika upanga mkono mmoja na mwanamke aliyetekwa mkono wa pili. Mchoraji ni David C. Sutherland III, na jitu lenyewe ni ifriti. Ukigeuza kitabu, nyuma yake unauona Mji wa Shaba, makao ya maifriti. Gary Gygax, aliyekiandika kitabu hicho huko Lake Geneva, Wisconsin, hakuwabuni viumbe hawa. Aliwakuta katika Alfu Lela Ulela, ambamo kisa cha Mji wa Shaba kinasimulia msafara uliotumwa na khalifa kwenda kutafuta chupa ambamo Nabii Suleiman aliwafungia majini waasi. Kwa hiyo msomaji wa pwani anayekishika kitabu hiki kwa mara ya kwanza anakutana na jamaa wa zamani waliopita njia ndefu: Baghdad, Cairo, Paris, kisha mji mdogo kando ya ziwa katika Marekani ya kati.

Aliyesoma sura zilizotangulia anaijua meza yetu. Kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anaisimulia dunia na kuwasemea wengine wote waliomo, na dadu zinaamua mambo yenye shaka. Kwenye meza karibu zote, siku moja mchezaji mwenye mhusika mchawi husema: nataka kumwita kiumbe kutoka ulimwengu mwingine, mwenye nguvu kunishinda, nimfunge anitumikie. Anaweza kuwa ifriti, shetani, roho ya upepo au hata kiumbe wa mbinguni. Kanuni zinamruhusu, na zina hesabu za kila hatua. Kinachofuata baada ya hapo ndicho kinachoonyesha kama meza ile inasimulia hadithi au inagawana vifaa tu.

Gygax mwenyewe hakuwa na shaka kwamba mtumwa wa namna hii ni hatari. Katika kitabu chake cha viumbe cha mwaka 1977, ifriti anaweza kulazimishwa kutumika kwa siku 1,001, idadi inayotaja waziwazi alikotoka, au mpaka atimize matakwa matatu. Hatumiki kwa hiari. Hufuata neno la amri na kuiharibu nia yake, na bwana asiyepima maneno hupata alichokitamka badala ya alichokitaka. Katika mwongozo wa 1979, anayefungua chupa ya ifriti anabahatisha: nafasi 10 katika 100 ni kwamba aliyemo amekwisha kupata wazimu na atashambulia papo hapo, 10 nyingine ni za matakwa matatu, 80 zilizobaki ni za utumishi wa kawaida. Hizo 10 za mwanzo zimenikaa moyoni tangu nilipozisoma. Mwandishi wa kanuni za mchezo, katikati ya jedwali la vitu vya thamani, alikumbuka kwamba kifungo kirefu huharibu akili ya aliyefungwa.

Toleo la mwaka 2014, ambalo vijana wengi wa leo walianzia hapo, limeyapanga mambo kwa unadhifu zaidi. Manuizo ya kufunga ni ya daraja la 5. Yanasomwa saa nzima, yanahitaji kito chenye thamani isiyopungua vipande vya dhahabu 1,000, nacho kinateketea. Kiumbe anarusha dadu ya kujinusuru kwa haiba yake. Akishindwa, anatumika saa 24. Mchawi akitumia nguvu ya daraja la 6, kifungo ni siku 10. La 7, siku 30. La 8, siku 180. La 9, mwaka na siku moja. Muda wote wa manuizo kiumbe lazima awe karibu, na hakuna anayekubali kukaa saa nzima akisomewa minyororo yake. Ndiyo maana mchawi huanza kwa kuchora duara la kago lililogeuzwa, la kuzuia aliye ndani asitoke. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Duara la kawaida, la daraja la 3, linadumu saa moja tu, na manuizo yanachukua saa moja. Mchawi aliyetangulia kulichora, kisha akamwita kiumbe, kisha akaanza kusoma, atakuta duara limekwisha nguvu kabla hajafika mwisho. Anapaswa kulichora kwa daraja la juu zaidi ili apate saa ya ziada. Nawasihi wasimamizi wasiipuuze hesabu hii. Ni bora mchawi aione hatari hapo, kitabu kikiwa wazi mbele yake, kuliko aipate baadaye kama adhabu asiyojua imetoka wapi.

Toleo hilo lina jambo jingine linalopita bila kuonekana. Kiumbe aliyemaliza kazi kabla ya muda wake humrudia bwana kumpa habari. Kama bwana yuko ulimwengu mwingine, kiumbe hurudi mahali alipofungiwa na kukaa pale mpaka kifungo kiishe. Kwa daraja la 9, hiyo inaweza kuwa miezi kadhaa katika chumba kitupu, amri zimekwisha na ruhusa ya kuondoka haipo. Sijasikia mchezaji akiuliza kiumbe wake anafikiri nini humo ndani. Swali hilo lingestahili kuchezewa kikao kizima.

Lakini mfano unaofundisha kuliko yote unatoka toleo la 2003. Huko kufunga kulikuwa mvutano wa kweli. Duara lilichorwa kwa unga wa fedha, na unga ule ukikatika mahali popote kinga inakwisha hapo hapo. Mchawi anatoa pendekezo, kiumbe anapima, haiba ya mmoja inashindana na ya mwingine. Kiumbe akikataa, mchawi anaweza kurudi baada ya saa 24 na ahadi mpya au hongo, na tena siku ya pili, mpaka mfungwa akubali, atoroke au aachiwe. Dadu ya mchawi ikiangukia 1, kiumbe yuko huru, na anaweza kwenda zake au kumgeukia aliyemwita.

Wachezaji walikwisha kugundua kwamba manuizo haya ya daraja la 6 yanafika mpaka kiumbe wa ukubwa fulani, na ifriti yuko ndani ya mpaka huo. Ifriti wa toleo lile anaweza kumtimizia asiye jini matakwa matatu kwa siku. Mchawi wa kibinadamu anayetaka kutamka takwa kwa nguvu zake mwenyewe anapaswa kupanda madaraja mengi bado, na kila takwa linamgharimu pointi za uzoefu zisizopungua 5,000, yaani sehemu ya maisha yake yote ya safari. Ifriti halipi chochote. Basi hesabu ikawa rahisi: mwite, mfunge, chukua matakwa matatu, mwachie, kesho mwite mwenzake. Kwenye meza zilizoruhusu hilo, mchezo ulikufa ndani ya vikao vichache, maana hakuna kilichobaki cha kutafutwa.

Wengi wanaliita hili tundu la kanuni na kuliziba kwa kukataza. Mimi naliona kama swali zuri lililoachwa bila jibu. Gharama ya takwa haikufutika. Imehamishiwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo ana jina, ana mji, ana wakubwa wake na kumbukumbu isiyozeeka. Je, kitabu kinasema nini juu yake? Baada ya kanuni zote za duara, kito, dadu na muda, toleo la 2003 linatoa sentensi moja fupi: kiumbe huenda akatafuta kisasi baadaye. Basi. Sura hii yote imo ndani ya sentensi hiyo.

Wasimamizi huijaza kwa namna mbili, na zote mbili zinaniudhi. Wa kwanza anaisahau. Ifriti anatimiza, anatoweka, hatajwi tena. Wa pili anaikumbuka kwa hasira: mchezaji amevuruga mpango wake, basi kila takwa linapindishwa kwa ukatili. Aliyeomba dhahabu inamwangukia kichwani, aliyeomba maisha marefu anageuzwa mti. Hapo mchezaji hakutani na ifriti. Anakutana na msimamizi aliyekasirika, na anajua. Anajifunza kuandika amri zake kama mkataba wa kurasa tatu ili asipewe mwanya, na kikao kinageuka mahakama ya maneno.

Njia iliyo bora ilikwisha kusimuliwa zamani, katika kisa cha mvuvi na jini. Mvuvi anavua chupa iliyofungwa kwa muhuri wa Suleiman. Anaifungua, jini linatoka, na shukrani yake ni kumwambia achague atakavyokufa. Watu wengi wanakumbuka hila ya mvuvi ya kulirudisha chupani. Wachache wanakumbuka maelezo ya jini lenyewe. Mwanzoni mwa kifungo liliapa kumtajirisha yeyote atakayelifungua. Zama zikapita, hakuja mtu. Likaapa kumfungulia hazina za ardhi; hakuja mtu. Likaahidi matakwa matatu, bado kimya. Mwishowe likaapa kumwua atakayelitoa. Huo si ukatili uliotoka hewani. Una historia, una ngazi, na mvuvi ameingia wakati wa ngazi ya mwisho bila kosa lake. Msimamizi anayetaka kisasi chenye uzito aanzie hapo: kiumbe huyu alikuwa wapi kabla ya kuitwa, na kila mwezi wa kifungo umembadilisha vipi?

Kisa kile kinaendelea, na sehemu ya pili ndiyo inayonifurahisha. Jini linaomba tena kufunguliwa, safari hii kwa kiapo. Mvuvi anakubali. Jini linatimiza neno, linampeleka kwenye ziwa lenye samaki wa rangi nne, na ziwa lile linafungua njia ya utajiri wa mvuvi na watoto wake. Aliyefungwa kwa nguvu aliahidi kifo. Aliyetoka kwa makubaliano alileta riziki. Mchezo wote wa kufunga viumbe unaweza kuchezwa katika nafasi iliyopo kati ya milango hiyo miwili.

Ifriti wa Dungeons & Dragons ana utata mmoja zaidi, nao haupaswi kupambwa. Jamii ya Mji wa Shaba inamiliki watumwa. Anayesimama ndani ya duara lako huenda jana alikuwa akiwaamuru wengine. Anajua vizuri anachofanyiwa, kwa sababu amewafanyia wengine. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulipita hili upesi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini kanisa limesimama mahali pake. Tunapozungumza mezani juu ya kumfunga mwenye akili na hisia ili afanye kazi bila ridhaa, tunazungumza lugha ambayo ardhi yetu inaikumbuka. Sisemi kwamba jambo hilo lisichezwe. Nasema lichezwe likijulikana ni nini, na kwamba ubaya wa aliyefungwa hauondoi swali kuhusu aliyemfunga.

Kuna mchezo uliolishika swali hilo kwa mikono miwili. Ni Sorcerer wa Ron Edwards, ulioanza kusambazwa miaka ya 1990 na kupata tuzo ya Diana Jones mwaka 2002. Humo kila mchezaji ni mtu anayewaita na kuwafunga mashetani, wala hakuna njia nyingine ya kupata nguvu. Kila shetani ana haja yake, kitu ambacho lazima apewe mara kwa mara, na asipopewa anadhoofika, anaanza kuasi. Kila mchezaji naye ana kipimo cha Ubinadamu. Kuita kunakihatarisha, kufunga kunakihatarisha, na kikifika sifuri umempoteza mhusika wako. La muhimu zaidi, kabla ya mchezo kuanza kundi linakubaliana Ubinadamu maana yake nini katika hadithi yao: huruma, uaminifu kwa jamaa, au kitu kingine. Hakuna anayeadhibiwa kwa sheria asiyoijua. Anayeporomoka anaporomoka akiona.

Haja ya shetani ni wazo ambalo waganga wa pwani wangelielewa mara moja. Anayepunga pepo haanzi kwa kuamrisha. Anauliza jina, anauliza pepo ametoka wapi na anataka nini. Ruhani atataka usafi na marashi, mwingine atataka ngoma yake, mwingine chakula maalumu. Mazungumzo yanaweza kuchukua siku nyingi, na mara nyingi lengo ni mapatano ya kuishi pamoja, si kumfukuza. Na watu wanaosemwa kwamba wanafuga majini ya utajiri, katika masimulizi ya mitaani kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, hawasemwi kwamba wana mtumishi wa bure. Husemwa kwamba wanalisha, na kwamba siku moja jini litadai kilicho ghali zaidi nyumbani. Utamaduni wetu haukuwahi kuamini kifungo kisicho na malipo.

Hata hofu kubwa ya Popobawa, iliyoanzia Pemba mwaka 1995 na kuenea hadi Unguja na Dar es Salaam, ina masimulizi ya asili yanayofanana na kanuni za Gygax kuliko mtu angetarajia. Moja linasema kwamba katika miaka ya 1970 sheikh mwenye hasira alilituma jini kulipiza kisasi kwa majirani, kisha likamtoka mikononi. Watu walioteseka na hofu ile hawakuwa wakicheza, nami silitaji jambo hilo kama burudani. Nalitaja kwa sababu ya mahali lilipoweka lawama na mahali lilipoweka maumivu: aliyefunga ni mmoja, walioteseka ni mtaa mzima. Kwenye meza zetu kisasi karibu siku zote kinamwelekea mchawi peke yake, ambaye ana kinga, ana silaha na ana marafiki. Kijiji kilicho chini ya mnara wake hakina.

Michezo mingine inaipeleka gharama mahali pengine, na inatosha kuitaja kwa ufupi. Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, ya mwaka 1981, inaikata gharama kutoka akili timamu ya anayeita. Ars Magica ya 1987, kazi ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, inaikabidhi kwa jamii: wachawi wa Ulaya ya zama za kati wana kanuni yao inayokataza kushirikiana na mashetani, na anayeivunja anaweza kuwindwa na wenzake.

Gharama iliwahi pia kuwafikia wachapishaji wenyewe. Nchini Marekani mwaka 1983, Patricia Pulling, mama aliyefiwa na mwanawe, alianzisha kikundi cha kupinga Dungeons & Dragons akiamini mchezo huo unawaingiza vijana katika ushetani. Toleo la pili la mwaka 1989 liliondoa maneno yaliyowataja mashetani, na mwaka 1991 viumbe wale wakarudi kwa majina ya kubuni, baatezu na tanar'ri. Wazazi wa kwetu wanaouliza swali hilohilo leo wanastahili jibu la heshima: mezani hakuna kinachosomwa isipokuwa hadithi, na hadithi hizi, zikichezwa vizuri, zinahusu gharama ya kutaka nguvu bila kulipa.

Mahali ambapo swali limepanuliwa hadi kufika uchumi mzima ni Eberron, dunia iliyobuniwa na Keith Baker na kuchapishwa mwaka 2004. Meli zake za angani zinaendeshwa na roho za moto au upepo zilizofungwa ndani ya vito, na roho hiyo inaonekana kama pete inayowaka kuzunguka meli. Treni zake nazo zinavutwa na roho zilizofungwa. Abiria wananunua tiketi. Hakuna mchawi mwovu ndani ya duara. Kuna ukoo wa wafanyabiashara, mafundi, makarani wa bandari na familia zinazokula kwa mishahara yao. Je, roho ile inaelewa kwamba imefungwa? Je, inaumia? Wakazi wa dunia ile wanabishana, na msimamizi ana uhuru wa kuamua. Wachezaji wakiamua kuvunja kito, wamemwachia huru mfungwa mmoja na kuwaharibia riziki watu ambao hawakumfunga. Wakiacha kama kilivyo, wamepanda meli wakijua. Nimeona wachezaji wakinyamaza mbele ya uamuzi huo kuliko mbele ya joka lolote.

Sasa, kwa msimamizi ambaye wiki ijayo mchezaji wake atachora duara. Kabla dadu haijarushwa, mpe kiumbe jina, mtu mmoja anayemngoja kwao, na kitu kimoja anachokihitaji ambacho mchawi anaweza kumpa. Vitatu hivyo vikiwepo, mazungumzo yanawezekana, na mchezaji mwerevu atavitafuta. Mwambie waziwazi mapema kwamba kifungo kitakumbukwa. Hilo haliharibu msisimko, linampa uamuzi wa kweli. Kisha amri anayoitamka iandikwe kwenye karatasi kwa maneno yake mwenyewe, si kwa ajili ya kumnasa, bali ili ninyi wawili mjue kiapo kilikuwa nini. Ifriti akipindisha neno, apindishe kuelekea kile anachokihitaji, kurudi kwao au kumlinda anayemngoja, wala asilipindishe ili kuumiza tu. Mchezaji akigundua sababu hiyo, atakuwa na cha kujadiliana naye.

Na muda ukiisha, usimfanye ifriti atoweke kwa sentensi moja. Chezeni kuachana kwao. Mchawi afute unga wa fedha kwa mkono wake mbele ya aliyemtumikisha siku 180, na ifriti apewe nafasi ya kusema. Anaweza kudai malipo, kutaja siku atakayorudi, au kuuliza kama mchawi angekubali kuja Mji wa Shaba kama mgeni, safari hii yeye ndiye awe mbali na kwao. Wachezaji wakilikubali ombi hilo la mwisho, vikao vya mwaka mzima vimepatikana.